Mwuzaji na Kitu Alichokwisha Kuuza

Ukienda dukani kununua jembe, msomaji, mara nyingi utapewa chuma kitupu. Mpini ni shauri lako. Waweza kukata mti shambani kwako ukauchonga. Waweza kuununua kwa mzee auzaye mipini kando ya soko. Waweza kuutumia mpini wa jembe la babu ambalo chuma chake kimekwisha kulika. Mpini ukivunjika katikati ya msimu, hutarudi kwa mwenye duka kumwomba ruhusa ya kutia mwingine. Utatia, utapiga kabari, utaendelea kulima. Desturi hii ni ya siku nyingi, hata hatuioni kuwa ni haki; twaiona kuwa ndiyo hali ya jembe tu.

Lakini fikiri kidogo. Tuseme mhunzi mmoja ametengeneza jembe la ajabu, lenye uwezo wa kuutambua mpini wake. Ukitia mpini uliochongwa na mtu mwingine, hata uwe wa mti mgumu na umekaa sawasawa, jembe lakataa kulima. Wamwendea mhunzi kumwuliza sababu, naye akujibu, "Mpini wangu ndio ulio salama. Kama huutaki, nunua jembe jipya." Bila shaka utamwuliza, "Je, jembe hili uliniuzia au uliniazima?"

Swali hilo ndilo tutakalolichungua katika insha hii. Majembe ya namna hiyo hayajatokea; lakini kompyuta za namna hiyo zipo, na huenda ile unayoitumia shuleni ni moja katika hizo.

Kompyuta, kwa mtu asiyepata kuifungua, yaonekana kuwa kitu kimoja. Kwa kweli ni jamii ya vitu vingi vilivyounganishwa. Kuna prosesa, ifanyayo hesabu. Kuna kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, ishikayo kazi iliyo mkononi kwa wakati ule. Kuna diski, itunzayo kazi hata umeme ukikatika. Kuna betri, na kuna kadi ndogo ya waifai, ipokeayo mawimbi ya intaneti pasipo waya. Vitu hivi havizeeki pamoja. Betri huchoka mapema. Kumbukumbu haichoki upesi, bali huwa ndogo, kwa kuwa programu mpya hudai nafasi kubwa kuliko zile zilizozitangulia. Kwa hiyo kompyuta nyingi haziachwi kwa sababu zimevunjika. Huachwa kwa sababu zimepungukiwa, mfano wa shati la mtoto lililo zima bado, ila halimwenei tena.

Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa rahisi. Fundi alifungua parafujo chache, akachomoa kipande cha kumbukumbu, akatia kikubwa zaidi kilichotoka kiwanda chochote cha kuaminika, na kompyuta iliyodhaniwa imezeeka ikafanya kazi miaka mingine kadhaa. Siku hizi njia hiyo imezibwa katika kompyuta nyingi, nayo imezibwa kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni lehemu. Kumbukumbu, na mara nyingine diski pia, hutiwa lehemu juu ya bodi kuu, isiweze kuchomolewa. Namna ya pili ni orodha iliyofichwa ndani. Kuna programu iamkayo kabla ya nyingine zote unapobonyeza swichi. Katika kompyuta za baadhi ya watengenezaji programu hiyo hukagua vipande vilivyomo, na ikikuta kadi ya waifai isiyokuwamo katika orodha yake, hukataa kuendelea mpaka kadi hiyo iondolewe. Namna ya tatu ni kunyima. Vipuri, vitabu vya maelezo, na programu za kukitambulisha kipuri kipya hupewa mafundi wa kampuni peke yao, na fundi wa mtaani huachwa apapase gizani.

Nitakusimulia jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Katika chuo cha walimu nifundishacho tulipata kompyuta zilizokwisha kutumiwa ng'ambo. Zilikuwa za namna mbili, zenye umri mmoja na kumbukumbu ya kiasi kimoja, nazo zote zilikuwa zimeanza kwenda kwa kuchechemea. Fundi wetu akazifungua. Zile za namna ya kwanza alizitia kumbukumbu kubwa zaidi kwa muda wa asubuhi moja, na hata leo wanachuo wanazitumia. Zile za namna ya pili alizifungua, akazitazama, akazifunga tena. Kila kitu kilikuwa kimetiwa lehemu. Zikapelekwa stoo, si kwa kuwa zilikuwa mbovu, bali kwa kuwa hazikuachiwa nafasi ya kukua. Mwanachuo mmoja aliyesaidia kuzibeba aliniuliza, "Mwalimu, kwani hizi tulizinunua au hatukuzinunua?" Sikuwa na jibu siku ile.

Usidhani, msomaji, kwamba shauri hili ni jipya. Ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe. Huko Marekani kampuni ya IBM iliwakodisha watu mashine za kuhesabia, ambazo zilifanya kazi kwa kadi za karatasi nene zenye matundu. Katika mkataba iliandikwa kwamba mwenye kukodi asitumie kadi nyingine ila zilizotengenezwa na IBM. Akitumia nyingine, mkataba umekwisha. Serikali ikaishitaki kampuni hiyo. Nayo ikajitetea kwamba kadi mbaya zingevuruga hesabu, na lawama ingeliangukia jina la kampuni, wala si mwuza kadi.

Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu. Ilisema kwamba kampuni haikatazwi kuzisifu kadi zake. Haikatazwi kuwaonya watu juu ya hatari ya kadi zisizofaa. Hata haikatazwi kudai kwamba kadi zitumikazo zitimize vipimo vinavyohitajiwa na mashine. Lakini haiwezi kudai kwamba ziwe zake tu. Tena mahakama iliona jambo moja la kupendeza: Serikali yenyewe, kwa mkataba wake, iliruhusiwa kutumia kadi ilizozitengeneza, wala haikuonekana kwamba mashine zilipata dhara.

Hukumu hiyo yatufaa sana, kwa maana yatenga mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Jambo moja ni ubora wa kitu. Jambo la pili ni mahali kilikotoka. Kumwambia mkulima, "Mpini na uwe mnyofu, tena wa mti mgumu," ni kulilinda jembe. Kumwambia, "Mpini na uwe wangu," ni kumfunga mkulima. Maneno ya kwanza hutoka kwa fundi ajuaye kazi yake. Maneno ya pili hutoka kwa mfanyabiashara ajuaye kwamba mnunuzi hana pa kukimbilia.

Mwaka 1956 kampuni hiyo hiyo ilikubali amri nyingine ya mahakama, iliyoitaka iwauzie watu mashine zake badala ya kuwakodisha tu, na iwauzie vipuri wenye mashine pamoja na mafundi wa nje. Kisha mwaka 1981 ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mezani, iliacha ndani yake nafasi 5 za kutia kadi za nyongeza, ikachapisha kitabu kilichoeleza ujenzi wake, hata kiwanda chochote kiweze kutengeneza kadi za kuingia humo. Viwanda vingi vikainuka kwa sababu hiyo, na mfano wa kompyuta ile ukaenea duniani kote.

Hapa yafaa niseme kweli yote. Ukunjufu huo uliufaa ulimwengu, lakini haukuifaa sana kampuni yenyewe. Waigaji wake waliipita katika soko, na mwaka 2005 ikaiuza kazi yake ya kompyuta ndogo kwa kampuni ya Lenovo ya China. Basi asikudanganye mtu kwamba atendaye haki hupata faida siku zote. Mara nyingine hupata hasara. Haki yadaiwa kwa sababu ni haki, wala si kwa sababu ina malipo.

Kampuni ya Apple, nayo ya huko huko Marekani, yatuonyesha upande mwingine wa shauri hili. Mwaka 1977 ilitoa kompyuta iliyoitwa Apple II, yenye nafasi 8 za kutia kadi. Steve Wozniak aliyeibuni ndiye aliyezishikilia nafasi hizo. Mwenzake, Steve Jobs, aliona 2 zatosha. Wozniak aliamini kwamba mnunuzi atakuwa na mawazo ambayo mbuni hakuyawaza, na mambo yaliyofuata yalimshuhudia. Mwaka 1980, kwa mfano, kampuni ya Microsoft ilitoa kadi iliyoiwezesha Apple II kuendesha programu za namna nyingine kabisa, ambazo hazikutungwa kwa ajili yake. Lakini mwaka 1984 ilipotoka kompyuta ya Macintosh, maoni ya Jobs ndiyo yaliyoshinda. Haikuwa na nafasi hata moja ya kadi, kumbukumbu yake ilitiwa lehemu, na sanduku lake halikufunguka ila kwa bisibisi ya namna ya pekee. Jobs hakuyafanya haya kwa choyo tu. Aliamini kwamba kifaa kizuri ni kitu kimoja kamili, mfano wa picha iliyochorwa na bingwa, isiyofaa kuongezwa rangi na kila mpita njia.

Watu hao wawili walikuwa marafiki, tena wote walikuwa na akili nyingi. Kwa hiyo usilichukulie shauri hili kuwa ni vita vya wema na waovu. Tumsikilize mwenye kiwanda kabla ya kumhukumu. Wahenga walisema, "Vyaelea, vimeundwa." Kompyuta yako haikuota shambani; watu walikesha wakiibuni, nao wana haki ya kusikilizwa.

Mwenye kiwanda ana hoja tatu zilizo na uzito. Ya kwanza ni usalama. Betri za lithiamu zikitengenezwa vibaya huvimba, na huweza kushika moto. Hoja hii siidharau, maana mimi mwenyewe nilipata kununua betri ya bei ndogo isiyo na jina la kiwanda, nikajiona mwerevu. Baada ya miezi michache ilivimba ikaisukuma kibodi juu. Ya pili ni sheria ya mawimbi ya redio. Kompyuta, antena zake na kadi yake ya waifai hupimwa na kuidhinishwa, na baadhi ya kampuni husema kwamba kadi ya kigeni huivunja idhini hiyo. Ya tatu ni uhandisi. Kumbukumbu iliyo karibu sana na prosesa huweza kufanya kazi kwa haraka na kutumia umeme kidogo, na kompyuta ikawa nyembamba zaidi. Mwaka 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta ambazo kumbukumbu yake imewekwa pamoja na prosesa katika kifurushi kimoja, na wepesi wa kompyuta hizo ulionekana na wote.

Haya ni maneno ya kweli. Lakini kweli inaweza kutumiwa kama nguo ya kufunika jambo jingine, basi tuipime kila moja.

Kama shida ni betri mbaya, dawa yake tumekwisha kuiona katika hukumu ya 1936: taja vipimo vinavyotakiwa, waonye watu, na uwauzie betri njema kwa bei ya haki. Betri yangu iliyovimba ilinifundisha kuwa mwangalifu katika kununua. Haikunifundisha kwamba mtengenezaji mmoja tu duniani ndiye ajuaye kutengeneza betri.

Kama shida ni mawimbi ya redio, mbona watengenezaji wengine huuza kompyuta zao katika nchi hizo hizo, chini ya sheria hizo hizo, pasipo kuweka orodha yoyote? Tena mafundi wameona kadi ya aina moja, iliyotoka kiwanda kimoja, ikikubaliwa au kukataliwa kwa sababu ya nambari iliyoandikwa ndani yake tu, kuonyesha kama ilipitia kwa mwuza kompyuta au haikupitia. Mawimbi ya redio hayajui nambari hiyo. Aijuaye ni mwenye duka.

Ama hoja ya uhandisi, hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami naikubali pale ilipo ya kweli. Fundi ana haki ya kuchagua wepesi kuliko urahisi wa kufunguliwa, kama vile mjenzi ana haki ya kujenga mtumbwi wa gogo moja badala ya mashua ya mbao nyingi. Lakini mwenye kuuza mtumbwi wa gogo moja na aseme kwamba hauongezeki. Mtu asiyeweza kuongeza kumbukumbu kesho hulazimika kununua yote leo, kwa mwuzaji mmoja, kwa bei atakayoitaja yeye. Asipoambiwa hivyo kabla ya kutoa fedha, uhandisi mzuri umegeuzwa mtego.

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yangu. Kila kitu kina mambo mawili yaliyoshikana nacho, mzigo na mamlaka. Mzigo ni hasara itakayompata mtu kitu kikiharibika. Mamlaka ni uwezo wa kuamua kitu kifanywe nini. Haki yataka viwili hivi vikae juu ya kichwa kimoja. Mwenye kubeba mzigo ndiye apewe mamlaka, na mwenye kutaka mamlaka na akubali mzigo.

Wakati wa dhamana, mwenye kiwanda amebeba mzigo. Kompyuta ikiharibika, yeye ndiye aitengenezaye kwa gharama yake. Basi akisema, "Wakati huu usiiharibu kwa mikono yako," amesema neno la haki. Na hata hapo yafaa athibitishe kwamba kipande ulichokitia ndicho kilichodhuru. Huko Marekani, tangu mwaka 1975, sheria humkataza mwuzaji, kwa kawaida, kuifunga dhamana kwa sharti kwamba mnunuzi atumie vipuri vyenye jina la kampuni fulani.

Lakini dhamana huisha. Mara nyingi ni mwaka 1, pengine 2 au 3. Siku ya mwisho ikipita mzigo wote humwangukia mnunuzi: kompyuta ikifa, fedha iliyopotea ni yake, na mtihani ulioharibika ni wa mwanawe. Je, na mamlaka nayo humhamia siku hiyo? La. Lehemu haijui kalenda, na orodha iliyofichwa haisomi tarehe. Dhamana ni ya mwaka, kufuli ni la milele. Mwenye kiwanda ameutua mzigo, lakini hakuutoa ufunguo.

Mfikirie mtu aliyekuuzia nyumba. Paa lavuja, wamwita, akujibu, "Nimekwisha kuuza, paa hilo si shauri langu." Wapanda ngazi ili uezeke mwenyewe, naye atokea mbio akisema, "Usiliguse paa langu!" Mtu huyo asema maneno mawili yasiyoweza kuwa kweli pamoja. Ama nyumba ni yake, basi aezeke. Ama nyumba ni yako, basi na akuache uezeke.

Yamkini mtu atasema, "Biashara ni mapatano. Mnunuzi hakulazimishwa, kama hakutaka, angaliacha." Jibu langu ni kwamba mapatano hutaka kujua. Orodha ile haichapwi juu ya sanduku, wala mwuzaji haitaji wakati wa kupatana bei. Hugunduliwa miaka baadaye, bisibisi ikiwa mkononi. Tena kompyuta haikai na mnunuzi wa kwanza daima. Huuzwa, hutolewa zawadi, hurithiwa. Mnunuzi wa tatu hakupatana na kiwanda hata neno moja, lakini kufuli lamfunga yeye kuliko mwingine yeyote.

Na huyo mnunuzi wa tatu, msomaji, mara nyingi ni wewe na mimi. Kompyuta nyingi zitumikazo Afrika Mashariki zilianza kazi katika ofisi za Ulaya na Marekani. Mwenyewe wa kwanza huziacha zingali nzima, zikasafirishwa hata bandari ya Mombasa, zikauzwa Nairobi na Kisumu, na mafundi wetu wakazitia kumbukumbu na diski mpya. Kazi hiyo imewapa vijana wengi riziki, na imewapa wanafunzi wengi kompyuta ambayo wazazi wao wasingaliweza kuinunua mpya. Kwa tajiri, kompyuta isiyoongezeka ni usumbufu mdogo, hununua nyingine. Kwa shule ya kijijini ni mlango uliofungwa. Mtu aliyetia lehemu ile labda hakutuchukia. Hakutufikiri tu. Lakini kuumizwa na asiyekufikiri hakuna nafuu kuliko kuumizwa na akuchukiaye.

Hasara nyingine ni ya dunia nzima. Katika mwaka 2022 pekee, ulimwengu ulitupa takataka za vifaa vya umeme zipatazo tani milioni 62, na zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo hazikufika hata robo yake. Wahenga walituonya, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Lakini wao walidhani kwamba mwenye nyumba huruhusiwa kuuziba ufa.

Nchi kadhaa zimeanza kuamka. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kuwataka wauzaji wa kompyuta za mkononi waonyeshe alama, kati ya 10, ya urahisi wa kutengenezwa kwake, ili mnunuzi ajue kabla ya kulipa. Mwaka 2024 jimbo la Oregon huko Marekani lilitunga sheria ya kuwazuia watengenezaji wasitumie programu kukikataa kipuri kizima kwa sababu tu hakikuidhinishwa nao. Hizi ni hatua njema. Lakini sheria hufika imechelewa, na mjanja huipitia kando. Juu ya sheria yahitajiwa dhamiri, na ndiyo sababu nakuandikia wewe uliye bado darasani.

Wewe kama mnunuzi, jifunze kuuliza kabla ya kutoa fedha. Je, kumbukumbu yaongezeka? Betri yatoka kwa parafujo au kwa gundi? Vipuri vyapatikana? Mwuzaji asiyeulizwa hudhani kwamba hakuna anayejali. Tena uwe mkweli. Ukiifungua kompyuta ukaiharibu kwa pupa yako, usiende kumdanganya mwenye kiwanda kwamba iliharibika yenyewe. Atakaye mamlaka ya mwenye mali na aubebe na mzigo wa mwenye mali.

Lakini hutabaki kuwa mnunuzi tu. Katika ninyi mnaosoma kurasa hizi watatoka wahandisi, watunga programu na wenye viwanda. Orodha ile niliyokueleza haikujiandika. Mahali fulani palikuwa na kijana ameketi mbele ya meza yake, amesoma vizuri, ana mshahara na wazazi wa kuwasaidia, akaambiwa na mkubwa wake aandike mistari michache ya programu: kadi ikiwa yetu, washa, ikiwa ya mwingine, kataa. Labda alisita. Labda alijiambia kwamba ni mistari michache tu. Siku moja jambo kama hilo litawekwa mbele yako, na hakutakuwa na mwalimu karibu. Siku hiyo jiulize: Je, kufuli hili namlindia mwenye kitu, au namzuilia? Akijua, atanishukuru au atanilaani? Na baada ya kuutua mzigo wa kitu hiki, je, niko tayari kuutoa na ufunguo?

Ama yule mwanachuo aliyeniuliza mlangoni pa stoo, sasa ningemjibu hivi: "Tulizinunua. Fedha tuliitoa yote. Aliyeuza ndiye ambaye hakumaliza kuuza."